WALTER RODNEY: MKUU WA IDARA ALIYENYIMWA KITI

Leo naomba tuweke pembeni matokeo ya ligi na siasa za majimbo, niwapigie stori ya mtu mmoja mzito. Wale mliokodi kompyuta kwa nusu saa, hifadhini kwanza ukurasa, mtasoma taratibu, maana ni ndefu kidogo.

Chanzo ni swali la mchangiaji mmoja humu ndani. Aliuliza hivi: mwanafunzi anafundishwa na mhadhiri, je, mhadhiri mchanga anafundishwa kazi na nani? Swali limenikaa kichwani. Mimi shule niliishia sekondari, chuo kikuu nakijua kwa vitabu na kwa kusikia, lakini jibu lenyewe linafahamika. Anayetakiwa kumlea ni mkuu wa idara. Amwite ofisini au wakutane chini ya mti, amuulize anatafiti nini, asome rasimu yake, amwambie ukweli pale alipoboronga, amtetee wakubwa wanapomkunjia sura. Mazungumzo ya namna hiyo hayaonekani kwenye cheti chochote, ila ndiyo yanayomfanya msomi kijana akue au adumae. Wapo wakuu wa idara wanaolea, na wapo wanaokalia faili la kijana mpaka linaota ukungu. Nadhani wote wawili mnawajua, hata kama mnafanya kazi dukani.

Sasa mtu wetu wa leo alilelewa, akalea wengi, na siku alipoteuliwa awe mkuu wa idara nchini kwake, serikali ikamfungia mlango. Anaitwa Walter Rodney. Tanzania alikaa kwa vipindi viwili, na miaka yake mikubwa kabisa ya kazi aliimalizia pale Mlimani, Dar es Salaam.

Alizaliwa Georgetown, mji mkuu wa Guyana, tarehe 23 Machi 1942. Wakati huo ilikuwa koloni la Mwingereza kule Amerika ya Kusini. Baba yake fundi cherehani, mama yake naye mshonaji. Familia ya kawaida kabisa, kama ya fundi yeyote wa pale Rujewa. Ila nyumbani siasa iliongelewa kila siku, na Walter akiwa mtoto alitumwa kusambaza vipeperushi vya chama mitaani. Akafaulu, akapata nafasi Queen's College, shule ya vipanga wa nchi ile, kisha mwaka 1960 akaenda Jamaica kusoma historia chuo kikuu cha Mona. Alimaliza 1963 kwa daraja la kwanza, akavuka bahari kwenda London.

London alisomea historia ya Afrika. Hapo ndipo jamaa alipopiga msuli kweli. Alitaka kuandika kuhusu pwani ya Guinea ya juu kati ya 1545 na 1800, biashara ya watumwa ilivyoivuruga jamii ya kule. Nyaraka zenyewe ziko kwa Kireno. Basi akajifunza Kireno, akaenda kuchimba maktaba za Lisbon. Mwaka 1966 akatunukiwa udaktari wa falsafa akiwa na miaka 24. Ishirini na nne, jamani.

Lakini darasa jingine alilopata London halikuwa la chuo. Mzee C.L.R. James, mwanahistoria kutoka Trinidad, na mkewe Selma, walikuwa wanakusanya vijana wa Karibiani nyumbani kwao. Wanasoma kitabu, wanakijadili mpaka kinaisha utamu, kila mmoja anatakiwa aseme na atetee alichosema. Nataka mlikumbuke hilo baraza la nyumbani kwa mzee James, kwa sababu kila Rodney alikoenda baadaye alifungua la kwake.

Mwaka huohuo 1966 akatua Dar es Salaam. Chuo chetu kilikuwa bado kichanga, sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi. Kilianza 1961 kwa masomo ya sheria, na 1964 kikahamia kilimani. Idara ya historia ilikuwa chini ya Mwingereza Terence Ranger, ambaye alikuja Dar mwaka 1963 baada ya kufukuzwa Rhodesia kwa kupinga ubaguzi. Ranger naye hakuwa mzee, alikuwa na miaka 37 hivi, lakini alikuwa anajenga idara kwa spidi. Walimu wake wakatakiwa waandike historia ambayo Mwafrika ndiye mwenye kutenda, asiwe mtu wa kutendewa tu. Mwaka 1968 wanafunzi wa idara walitumwa vijijini kuwahoji wazee waliokumbuka vita ya Maji Maji ya 1905. Mtoto wa chuo anakaa kwenye kigoda mbele ya babu, anaandika. Hiyo ilikuwa elimu!

Katika idara hiyo vijana hawakusubiri wazeeke ndipo waandike. Chama cha Historia Tanzania kilikuwa kinatoa vijitabu vyembamba kwa ajili ya walimu wa sekondari, na Rodney alipewa kimoja, kuhusu Afrika Magharibi na biashara ya watumwa ya Atlantiki, kikatoka 1967. Mimi naona hapo kuna malezi makubwa. Msomi mpya mwenye udaktari wa London, kichwa kimejaa Kireno cha karne ya 16, unamwambia aandike kitu ambacho mwalimu wa sekondari ya wilayani anaweza kukitumia kesho asubuhi darasani. Inakufundisha kunyooka. Ukisoma vitabu vyake vya baadaye utaona amenyooka kweli, hana maneno ya kujionyesha.

Januari 1968 alirudi Jamaica kufundisha pale alipokuwa mwanafunzi. Mchana alifundisha chuoni, jioni na siku za mapumziko alishuka mitaa ya watu hohehahe wa Kingston, akakaa chini na Marasta na vijana wasio na kazi, wakazungumza historia ya Afrika. Kukaa chini huko wao walikuwa na jina lake, na ndilo alilolipa kijitabu chake cha 1969, The Groundings with My Brothers. Mhadhiri anakaa kwenye udongo na mtu ambaye hajamaliza darasa la saba, wanabishana. Serikali ya Jamaica ikaona hatari. Tarehe 15 Oktoba 1968 alikuwa anarudi kutoka kwenye mkutano wa waandishi weusi Montreal, ndege ikatua Kingston, yeye akazuiwa kushuka. Kesho yake wanafunzi wakaandamana, wananchi wakaingia, mji ukawaka moto na watu wakafa. Alikuwa amefundisha kule miezi isiyofika hata kumi.

Hapo ndipo Dar es Salaam ilipomfungulia mlango mara ya pili, mwaka 1969. Hili Watanzania tunalisema kwa sauti ndogo sana. Jirani zake walimfukuza, sisi tulimpa ofisi, darasa na nyumba.

Ranger aliondoka mwaka huo kwenda Marekani, na Watanzania wenyewe wakaanza kushika usukani wa historia: Isaria Kimambo, aliyeandika historia ya Wapare, na Arnold Temu. Wawili hao walihariri kitabu cha historia ya Tanzania kilichotoka 1969 ambacho shule nyingi zilikitumia kwa miaka na miaka. Rodney alikuwa mwalimu chini ya uongozi huo, hakuwa bosi wa mtu. Lakini ulezi ukiwa ndani ya mtu haungoji cheo.

Tuanze na kitabu chake maarufu kuliko vyote, How Europe Underdeveloped Africa, kilichotoka 1972 London na hapa Dar kupitia Tanzania Publishing House. Hoja yake kwa kifupi: Afrika haikuchelewa tu kama mtu aliyekosa basi, ilidumazwa, na kilichoidumaza ndicho kilichoinenepesha Ulaya. Alikiandikia Dar. Alipomaliza muswada hakuwapelekea maprofesa wakubwa tu wa kumpigia makofi. Aliwapa vijana wawili wa Mlimani, Karim Hirji na Henry Mapolu, waupasue. Hirji mwenyewe alikuwa mtu wa hesabu, baadaye akawa profesa wa takwimu za tiba. Kwenye dibaji Rodney aliwataja kwa majina kuwa ndio waliousoma na kuukosoa. Halafu akaongeza jambo lililoniacha mdomo wazi. Mnajua kawaida ya waandishi, wakishawashukuru watu husema makosa yote yaliyobaki ni yao peke yao. Rodney alikataa mtindo huo. Alieleza kwamba kazi kama ile ni ya pamoja, hivyo na lawama ya mapungufu ni ya pamoja. Fikiria wewe ni kijana wa miaka ishirini na kitu, mwalimu wako anakuambia hivyo mbele ya dunia nzima. Utalala kweli bila kusoma?

Maneno ya nyongeza mwishoni mwa kitabu aliandika Abdulrahman Babu wa Zanzibar, aliyekuwa waziri. Mwaka huohuo wa 1972 Babu akawekwa ndani, akatoka 1978. Dar ya wakati ule haikuwa pepo, tusidanganyane.

Vijana wa chuo walikuwa na umoja wao wa kimapinduzi, na Yoweri Museveni alikuwa kiongozi wake wa mwanzo, ndiyo, huyohuyo wa Uganda. Jumapili walikuwa na madarasa yao ya itikadi, nje ya ratiba ya chuo. Novemba 1969 walianzisha jarida lao, Cheche. Rodney alikuwa upande wao, aliwaandikia, aliwasikiliza. Toleo moja lilibeba andiko refu la kijana wa sheria, Issa Shivji, kuhusu mapambano ya kitabaka yanayoendelea kimyakimya ndani ya Tanzania ya Ujamaa. Andiko la kijana! Wahadhiri wakalichukua kwa uzito, wakaandika majibu, Rodney akiwemo, na 1973 yote yakachapwa pamoja kama kitabu. Mimi hapa ndipo ninapowaambia marafiki zangu kwamba kumlea msomi si kumpapasa kichwa. Ni kuichukua hoja yake kama hoja ya mtu mzima na kuijibu. Shivji baadaye akawa profesa, jina lake mnalijua.

Cheche lilipigwa marufuku Novemba 1970 pamoja na umoja wenyewe. Naona ilikuwa doa, na wakubwa wa wakati ule walikosea.

Rodney mwenyewe alikwishaonja. Desemba 1969 alitoa mada kwenye semina ya vijana hapo Dar, akawachapa viongozi wa nchi huru za Afrika kwa ukali. Gazeti la chama, The Nationalist, likamkemea ukurasani kwamba mgeni anakaribishwa lakini asitumie ukarimu wetu kuchochea kupinduliwa kwa serikali nyingine za Afrika. Yeye akajibu kwa barua, kwa heshima, akieleza msimamo wake na kukubali alipoona amezidisha. Halafu? Akabaki. Akaendelea kufundisha miaka mingine mitano kasoro. Alisemwa, akajibu, kazi ikaendelea. Linganisheni na ile ndege ya Kingston.

Sasa kipande kinachotuhusu sisi wa nyanda za juu. Wale wenye babu na bibi kutoka Njombe, Makete, Mbeya na hata huku Usangu, waulizeni neno manamba. Watawaambia kuhusu wanaume waliochukuliwa kwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro, wanapewa namba, wanapakiwa, wanarudi baada ya miaka au hawarudi. Kodi ya mkoloni ilikuwa inadaiwa kwa fedha, na fedha nyumbani haipatikani, basi mtu anajikuta mwenyewe anamfuata wakala. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda hata ofisi maalumu ya kusaka vibarua, SILABU. Ubaruku ya leo imejaa watu wa kila kabila waliofuata mpunga kwa hiari yao, ila wazee wetu walihamishwa na mkonge kwa mtindo mwingine kabisa.

Rodney aliona hapo ndipo pa kuchimba. Badala ya kuandika peke yake, kazi ya mkonge aliifanya na vijana wawili wa Mlimani, Kapepwa Tambila na Laurent Sago. Tambila alishughulikia Tanga, ambako mashamba yalivuta watu kama sumaku. Sago akaenda upande wa pili wa njia, Kigoma, mahali watu walikotolewa. Rodney akaandika sehemu ya kuunganisha, kuhusu vibarua wa kuhamahama na uchumi wa kikoloni. Ni mgawo mzuri sana ukiufikiria: kila kijana ana eneo lake, ana nyaraka zake na wazee wake wa kuwahoji, na mwalimu anabeba mzigo wa katikati. Kitabu kilitoka Hamburg mwaka 1983 kikiwa na majina yote matatu. Wakati huo Rodney alikuwa amekufa miaka mitatu. Tambila aliendelea kufundisha historia palepale Dar.

Turudi 1974. Rodney alikuwa na mkewe Patricia na watoto watatu, Shaka, Kanini na Asha. Sikieni majina hayo. Angeweza kubaki Tanzania, lakini alisema na nafsi yake kwamba kazi yake iko nyumbani. Chuo Kikuu cha Guyana kilimteua kuwa profesa na mkuu wa idara ya historia. Umri miaka 32. Wasomi wenzake walikuwa wamekaa kikao, wamepima sifa, wamekubali. Familia ikafunga mizigo.

Serikali ya Forbes Burnham ikaufuta uteuzi ule kupitia bodi ya chuo. Hapakuwa na mtu mwenye sifa zaidi yake. Tatizo lilikuwa siasa zake. Kiti kikabaki hivyo, na wahadhiri vijana wa Guyana wakakosa mlezi ambaye Dar es Salaam ilikuwa imemnoa kwa miaka.

Wengi wakashauri arudi nje. Vyuo vya Marekani na Ulaya vilimwita, alienda kufundisha kwa vipindi, Hamburg ikiwemo, ili familia ile. Kisha anarudi Georgetown. Akakaa kwenye maktaba ya nyaraka bila mshahara wa chuo, akaandika historia ya wafanyakazi wa Guyana kati ya 1881 na 1905. Akaandika pia vitabu vya watoto, kimoja kuhusu mtoto aliyetoka Afrika, kingine kuhusu binti aliyetoka India, maana Guyana watu weusi na Wahindi walikuwa wamechonganishwa kwa muda mrefu na yeye alitaka watoto wajuane.

Na darasa? Nyumba nyingi kule zimeinuliwa juu ya nguzo kwa sababu ya mafuriko, chini panabaki uwazi. Chini ya nyumba hizo ndipo alipofundishia. Wachimba madini ya boksiti wa Linden, wakata miwa, vijana wa mtaani, wanakaa kwenye mabenchi, taa ya kuazima, historia inaendelea. Unaona mzee James wa London hapo? Unaona Kingston na Jumapili za Mlimani?

Chama chake cha watu wanaofanya kazi kikakua. Julai 1979 alikamatwa na wenzake kwa madai ya kuchoma jengo la wizara. Kesi ikiwa bado inaendelea, Aprili 1980 alitoroka kimyakimya akaenda Zimbabwe kwenye sherehe za uhuru, akarudi kwenye kesi yake.

Usiku wa tarehe 13 Juni 1980 alikuwa ndani ya gari na mdogo wake Donald. Alipakata redio ya mawasiliano aliyopewa na Gregory Smith, mtu wa jeshi aliyejifanya rafiki. Ndani yake mlikuwa na bomu. Walter alikufa palepale, miaka 38. Donald alinusurika. Smith alikimbilia Guyana ya Ufaransa, akafia huko 2002 bila kusimama mahakamani.

Wapo wanaosema Rodney alikuwa mzembe kumwamini mtu wa jeshi. Mimi sikubaliani nao. Mtu aliyezoea kuwaamini vijana na kuwapa muswada wake waukosoe, hawezi ghafla kuanza kupekua kila anayemjia. Ila najua wengine mtapinga, uwanja wa maoni uko wazi.

Mwaka 1988 uchunguzi wa kule ukasema ni ajali. Familia haikukubali. Patricia na watoto walipigania jambo hilo kwa miaka zaidi ya thelathini, mpaka 2014 tume ikaundwa, na 2016 ikatoa taarifa yake: mauaji yalikuwa ya kupangwa, dola ilihusika, na Burnham alijua. Mwaka 2021 serikali ya Guyana ikakubali kusahihisha kumbukumbu, ikiwemo hati ya kifo. Kwa miaka 41 hati hiyo, kwenye nafasi ya kazi ya marehemu, ilikuwa imeandikwa kwamba hana kazi. Ikaagizwa paandikwe profesa.